Mlinzi Asiyepitika

Jina la Kitasa alipewa na watu watatu waliocheza naye kila Jumamosi, na likamganda kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Hata Mama alilishika, kwanza kwa utani, baadaye kwa mazoea, mpaka ikawa akimwita kwa jina lake halisi Kitasa anajua kuna kosa amefanya.

Kazi yake ilikuwa kutengeneza meno bandia. Karakana ilikuwa ya Mjomba, kaka wa mama yake, nayo ilikuwa chini ya nyumba aliyoishi na Mama na Mjomba. Ngazi ya ndani ilishuka kutoka jikoni moja kwa moja hadi kwenye benchi la plasta, kwa hiyo kulikuwa na siku Kitasa alikwenda kazini, akarudi, akala, akalala, na viatu vyake vya kutokea havikuguswa. Madaktari wa meno walileta chapa za vinywa vya wagonjwa wao. Karakanani zikamiminwa plasta, zikatoa sanamu ya ufizi, na juu ya sanamu hiyo, kwenye nta ya rangi ya waridi, yakapangwa meno moja baada ya jingine. Mjomba alikuwa na jina mjini. Ugomvi wake mkubwa ulikuwa na methali, ile isemayo jino la pembe si dawa ya pengo. Alisema aliyeitunga ama hakuwahi kung'oka jino, ama alikuwa na fundi mbovu.

Kisha mikono ya Mjomba ikaanza kutetemeka. Mwanzoni alisingizia chai kuwa kali. Lakini alasiri moja, akiwa anapanga meno ya mbele ya mwimbaji mmoja wa kwaya, kisu cha nta kilimponyoka kikakwaruza ufizi wote. Akakiokota, kikamponyoka tena. Alimtazama mpwa wake, na mpwa akakichukua kile kisu bila kuambiwa, akaendelea pale alipoishia. Wiki ile ile Mjomba alifunga pazia kati ya benchi na kaunta. Tangu hapo yeye alikuwa mtu wa kaunta: aliwapokea madaktari, akawapigia soga, mikono ikiwa imezama mifukoni mwa aproni. Nyuma ya pazia Kitasa alipanga meno yaliyosifiwa kwa jina la mwingine. Mama, ambaye miguu ilimsumbua na aghalabu hakushuka ngazi, alisema mambo ya ndani hubaki ndani. Basi yakabaki ndani, mwaka kwa mwaka.

Mchezo ulimfikia kupitia jino. Mwalimu mmoja wa jiografia aligongwa na mpira uwanjani akapoteza jino la mbele, na siku aliyokuja kujaribisha jipya, Mjomba alikuwa amepanda juu kula. Mwalimu alikaa kwenye stuli akichezea dadu yenye pande nyingi, pande ishirini, kitu ambacho Kitasa hakuwahi kukiona. Aliuliza ni ya nini. Mwalimu, akisema kwa kitembe kwa ajili ya lile pengo, akamweleza kwamba ipo michezo ambayo watu huketi mezani wakatunga hadithi kwa pamoja. Kila mchezaji ana mtu wake, shujaa wa nchi ya mazimwi na wachawi. Mtu huyo anaishi kwenye karatasi, kwa alama: nguvu kiasi fulani, wepesi kiasi fulani, akili, ustahimilivu, ulimi wa kusemea. Mmoja wao ndiye msimulizi. Anawaambia wanachokiona, wao wanamwambia wanachofanya, na pale ambapo mambo yanaweza kwenda huku au kule, dadu ndiyo inaamua. Akamkaribisha. Chumba kilikuwa juu ya duka la vifaa vya shule, la shemeji yake, Jumamosi saa za alasiri.

Kitasa alivaa viatu vya kutokea, akaenda.

Mezani alimkuta Nesi, mama wa makamo wa wodi ya watoto, aliyekuwa na mchawi mzee mwenye maneno mengi. Na Kinyozi, kijana mcheshi mwenye kibanda chake cha kunyolea kona ya soko, aliyekuwa na mpiga mishale. Mwalimu ndiye aliyekuwa Msimulizi. Walimpa karatasi tupu na kitabu cha kanuni. Wengine hukisoma kitabu kile kwa kurukaruka. Kitasa alikisoma kama mtu anayetafuta jino lililoanguka kwenye mchanga, mstari kwa mstari, na mwisho wa wiki alikuwa ameona kitu ambacho wenzake hawakukiona kwa miaka: kwamba alama ni zile zile kwa kila mtu, lakini anayejua pa kupunguza na pa kuongeza anaweza kumsuka mtu ambaye hana mfano wake.

Basi akamsuka Mlinzi. Akampunguzia ulimi hadi mwisho kabisa, akawa mtu ambaye hawezi kumbembeleza hata mbwa mwenye njaa. Akampunguzia sura, akampunguzia wepesi, elimu akamwachia ya kuhesabu vidole. Kila alichokitoa huko alikipeleka kwenye ngao, deraya na ustahimilivu. Kisha akatafuta kanuni tatu, kila moja katika sura yake ya kitabu, ambazo peke yake hazina maana, lakini ukizifunga pamoja zinampa haki moja: akisimama mahali pembamba, hakuna kiumbe kinachompita. Mlangoni, kwenye daraja, kwenye ngazi. Ama wamuue, ama warudi walikotoka. Na kumuua haikuwa rahisi.

Siku ya kwanza zimwi lilikuja na jeshi lake, Mlinzi akasimama mlangoni, na jeshi likavunjika mbele yake kama mawimbi ya povu la sabuni. Kinyozi alipiga meza kwa furaha. "Huyu si mtu," alisema, "huyu ni kitasa." Jina likazaliwa.

Tangu hapo wenzake walimletea watu wao awasuke upya. Mpiga mishale wa Kinyozi alijua kupika, kuimba na kuogelea. Kitasa alimwuliza mara ya mwisho aliogelea lini. Kinyozi akakiri kwamba hajawahi, ila alipenda kujua kwamba akitaka anaweza. Kitasa akaufuta uogeleaji, akaufuta uimbaji, na mishale ikaanza kuua kuliko zamani. Kinyozi alishukuru, ingawa kwa wiki kadhaa alikuwa akitoa utani kwamba mtu wake siku hizi hata akioga anaogopa maji. Nesi peke yake alikataa kuguswa. Mchawi wake alikuwa na kasoro tele, alisema, na kila kasoro anajua ilikotoka.

Walishinda sana. Wakateka ngome, wakavuka mapango. Na kila ilipofika zamu ya Kitasa, Msimulizi alipouliza anafanya nini, jibu lilikuwa moja: "Nasimama." Lilikuwa jibu sahihi kila mara. Akisogea, wenzake watafikiwa; akishambulia, ngao inashuka. Yeye mwenyewe ndiye aliyemsuka hivyo. Mwezi ukapita, na mwingine, akajikuta anasema "nasimama" kabla ya kuulizwa, macho yake yakiwa dirishani, akiwaza meno ya mtu aliyoyaacha kwenye nta.

Siku moja aliwaomba abadilishe mtu. Alisema angependa kujaribu kitu kingine, pengine mpelelezi, mtu wa kupanda kuta. Walimtazama kwa mshangao wa mapenzi. Nesi aliuliza nani basi atakaa mlangoni. Kinyozi akasema wakimpoteza Mlinzi sasa, katikati ya vita na Malkia wa Majivu, wote wamekwisha. Hawakusema kwa ubaya. Kitasa alicheka, akasema lilikuwa wazo tu.

Msimulizi ndiye aliyeona kwamba kuna jambo. Jumamosi iliyofuata alimfikisha Malkia wa Majivu mwenyewe mbele ya Mlinzi, bila jeshi, bila silaha. Malkia hakupigana. Aliuliza swali. "Wewe unayesimama mlangoni," Msimulizi alisema kwa sauti ya Malkia, "unataka nini? Niambie, nikupe, unipishe."

Wengine walicheka, kwa sababu kila mtu alijua ulimi wa Mlinzi ulivyo. Kitasa akatupa dadu, ikaangukia mbili. Alisema mtu wake hataki kitu. Mchezo ukaendelea, lakini jioni ile akiteremka ngazi za duka aligundua kwamba alikuwa amejaribu kutafuta jibu la kweli na hakulipata. Alikuwa amemwekea Mlinzi kila kitu cha kumzuia asianguke, na hakuandika popote anasimama kwa ajili ya nini.

Mwezi huo huo alikuja daktari wa meno wa kliniki ya karibu na kituo cha mabasi, mama mrefu asiyependa maneno mengi. Alisubiri Mjomba apande juu kwa chakula, kisha akaita kupitia pazia.

"Binti, njoo mara moja."

Kitasa alitoka akijifuta plasta mikononi. Daktari aliweka juu ya kaunta seti ya meno ya juu, akaiwekea kidole kwenye jino la pembeni, lililopinda kidogo sana kama linavyopinda la mtu wa kweli. Alisema fundi anayepanga namna hiyo anamtafuta. Kitasa akasema ni kazi ya Mjomba. Daktari hakubishana. Alisema tu kwamba kliniki inafungua tawi mji mwingine, safari ya kutwa nzima, na tawi litakuwa na karakana yake, na karakana inataka mkuu. Afikirie mpaka mwisho wa mwezi.

Kitasa alifikiria kwa namna aliyoijua. Alijiweka kwenye karatasi ya kichwani kama alivyowaweka watu wa mchezo, akapunguza hapa, akaongeza pale. Akiondoka, nani atashika kisu? Madaktari watamwona Mjomba mikono mitupu, na heshima ya maisha yake yote itamwagika juu ya kaunta mbele ya macho yake. Nani atampandishia Mama maji? Kila alivyogeuza hesabu ilitoka vile vile: kaa. Ila safari hii hesabu ilipokwisha hakuiridhia. Akajiambia kwamba hata hesabu sahihi mtu anaweza kuikataa. Jumapili nzima alipanga maneno ya kumwambia Mjomba, akayasema kimya akifua, akayasema akianika, na Jumatatu asubuhi akapiga moyo konde, akashuka nayo mdomoni.

Mjomba alikuwa tayari chini, amevaa shati la kutokea. Hakumpa nafasi. Alimshika kiwiko akamtoa mpaka barabarani, akamgeuza atazame juu ya mlango. Kibao cha karakana kilikuwa kimepakwa rangi upya. Chini ya jina la Mjomba, kwa herufi zilizokuwa bado mbichi, paliandikwa: NA MPWA WAKE. Dirishani juu, Mama alikuwa amejikongoja mpaka hapo ili aone sura ya bintiye, na alikuwa akipiga makofi.

"Kuanzia leo hii ni yako, mwanangu," Mjomba alisema. "Hakuna wa kukutoa hapa."

Herufi zilikuwa nzuri. Mchoraji alizipa hata kivuli. Kitasa alisema asante Mjomba, na yale maneno aliyoyabeba tangu jana yakarudi tumboni, yakakaa huko kama tonge lililomezwa bila kutafunwa.

Alikwenda kliniki mwenyewe kukataa. Alimwambia daktari kwamba nyumbani kuna majukumu, kwamba Mjomba anamhitaji karibu. Daktari alimsikiliza akiwa anavua glavu.

"Ni ile mikono?" aliuliza.

Kitasa aliuliza mikono gani.

"Mikono ya Mjomba wako tunaijua sote," daktari alisema, kwa upole. "Tangu zamani. Mtu hawezi kuficha mikono mifukoni miaka yote, na meno yana mwandiko kama barua. Tunaleta kazi kwa sababu yako. Hatusemi kwa sababu tunampenda yeye." Kisha akauliza kama basi amwite fundi mwingine aliyekuwa ameiomba nafasi hiyo.

Kitasa angeweza kusema subiri. Alilijua neno hilo, herufi zake zote. Lakini alikuwa amezoea kusimama mahali pamoja, na alipofungua mdomo ilitoka: "Mwite tu, Daktari."

Njia nzima ya kurudi alitembea kama mtu aliyepigwa na mlango. Miaka yote ile alikuwa amekilinda chumba kisicho na kitu ndani.

Jumamosi hiyo vita na Malkia wa Majivu vilifika mwisho wake. Mchawi wa Nesi alikuwa ndani ya mnara, akisoma maneno marefu ya kuuvunja uchawi wa Malkia. Mpiga mishale alikuwa dirishani. Na Mlinzi, bila shaka, alikuwa juu ya ngazi nyembamba. Majeshi yakapanda. Msimulizi akamgeukia Kitasa na swali la kila siku, na Nesi alikuwa tayari ameinama kwenye karatasi yake, kwa sababu jibu analijua.

"Naweka ngao chini," Kitasa alisema. "Naondoka."

Walidhani anatania. Msimulizi aliuliza mara ya pili, taratibu, kama anavyomuuliza mwanafunzi aliyeandika mji mkuu wa nchi usio wake. Kitasa alisema Mlinzi anashuka ngazi, anawapisha, anatoka nje ya mnara, anakwenda zake. Hakuna dadu ya kutupa kwa mtu anayekwenda zake. Majeshi yalipanda. Mpiga mishale aliruka dirishani akaangukia handaki la maji na, kwa kuwa hakujua tena kuogelea, akazama. Mchawi alibakiza neno moja la mwisho alipofikiwa.

Nesi aliikunja karatasi ya mchawi wake mara mbili. Alikuwa amecheza naye tangu kabla ya mume wake kufariki, na mume ndiye aliyempa yule mchawi jina. Alikusanya mkoba wake bila kumtazama mtu. Kinyozi, ambaye hakujua kukasirika, alisema tu, "Umetuua, dada. Bila hata kutuambia."

Kitasa alianza kuomba radhi, na katikati ya radhi yakamtoka yote: mikono, pazia, kibao, daktari, lile neno alilolisema na lile alilolimeza. Alizungumza akitazama meza. Hakuwa mtu wa kulia mbele za watu, lakini sauti ilimpanda na kushuka yenyewe. Alipomaliza, Nesi bado alikuwa amesimama mlangoni na mkoba begani.

"Pole," Nesi alisema. "Kwa ajili ya mchawi wangu bado nina hasira nawe, usidhani imekwisha. Lakini hayo umetuambia sisi, watu wa pembeni. Mjomba wako mwenyewe umemwambia?"

Hakuwa amemwambia. Alimwambia kesho yake, Jumapili asubuhi, wakiwa wanakwangua plasta iliyoganda kwenye mabakuli ya mpira, kazi ambayo mikono ya Mjomba bado iliiweza. Alianza na daktari na kazi ya mji mwingine. Kisha akamwambia kwamba madaktari wanajua, na tangu lini wanajua. Mjomba aliendelea kukwangua bakuli ambalo lilikuwa limekwisha kuwa safi.

"Na wewe ulikataa kwa ajili yangu," alisema mwishowe.

"Ndiyo, Mjomba."

"Mimi ningefunga siku ile ile ya kisu." Aliliweka bakuli chini. "Kaka yangu aliniita nikakae naye, tupumzike kama wazee wengine. Nilimwambia mama yako, tukifunga huyu mtoto ataenda wapi, ujuzi wake wote uko hapa. Tukakubaliana nivumilie mpaka usimame vizuri. Nimekaa kwenye kaunta ile nikichekesha watu nisiotaka kuwachekesha, kwa ajili yako."

Juu, jikoni, Mama alisikika akikokota kiti. Mjomba alicheka kwanza, kicheko kibovu kilichoishia kwenye kikohozi, na Kitasa akacheka kwa kuwa hakujua la kufanya na uso wake. Kila mmoja alikuwa amemshikia mwenzake mlango, na hapana hata mmoja aliyetaka kuwemo ndani.

Jumatatu Kitasa alirudi kliniki. Fundi mwingine alikuwa ameshapewa nafasi, na alikuwa anahama na familia yake nzima. Daktari aliahidi kumkumbuka likitokea jingine, na alisema kwa namna ambayo watu husema kwa adabu tu. Karakana haikufungwa. Chapa ziliendelea kuja, na mtu hawezi kuwaambia watu wasio na meno wangoje mpaka familia fulani ijue inataka nini. Kilichobadilika ni kwamba Kitasa sasa alitoka mwenyewe kuzungumza na madaktari, na Mjomba alikaa kando, mikono ikitetemeka hadharani, akionekana mzee kuliko alivyokuwa wiki moja nyuma.

Nesi alirudi mezani baada ya majuma kadhaa, na mchawi mpya aliyemtengeneza peke yake. Kitasa alimkuta na makosa manne kwa kuangalia mara moja, akafunga mdomo. Yeye mwenyewe alijitengenezea mwimba nyimbo wa safarini, aliyepewa alama kidogo kidogo kila mahali, na aliuawa na popo katika pango la kwanza. Akatengeneza mwingine. Kinyozi alimwambia hajawahi kuona mtu aliyekuwa hodari kiasi kile akicheza vibaya kiasi hiki.

Mwaka ulipogeuka, Mjomba alifunga mizigo kwenda kwa kaka yake. Alisema atakaa muda, aone kama anapenda. Alimwachia Kitasa funguo, akamuaga Mama kwa maneno ya mtu anayehama. Kitasa alifagia karakana yote siku ile, akasogeza benchi upande wenye mwanga, akapanga visu kwa namna aliyotaka yeye. Kwa siku chache alifanya kazi akiimba. Akaanza hata kuulizia, kwa mzunguko, kama Mama angeweza kuishi mji mwingine wenye nyumba isiyo na ngazi.

Wiki haijaisha, Mjomba akarudi na begi lile lile. Alisema kule kwa kaka yake hakuna la kufanya, watu wanalala mchana, na redio inaongea peke yake. Alilitazama benchi lilipohamia. Akavuta stuli, akaketi, akauliza ni kazi gani zimeingia alipokuwa hayupo.

Kitasa alikuwa ameshika seti ya meno ya chini. Alivuta pumzi, akasogeza taa, akamwonyesha.